Anayetembezwa ni Mnunuzi

Wahenga wa pwani walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetumika mno katika mambo ya ndoa na mahaba, hata pengine husahauliwa kwamba asili ya maneno yake ni biashara. Inazitaja bidhaa mbili: ile iliyotulia mahali pake ikafuatwa, na ile izungukayo mitaani ikitafuta wa kuichukua. Mnunuzi hatajwi. Yeye huchukuliwa kuwa ni mtu aliyesimama na akili zake timamu, akitazama, akipima, kisha akaamua. Lakini katika muda wa miaka mia moja na hamsini na zaidi walitokea wafanyabiashara waliogundua jambo ambalo methali haikulifikiria, nalo ni kwamba iko njia ya tatu: bidhaa ikae mahali pake, na mnunuzi ndiye atembezwe.

Ili uzito wa jambo hilo uonekane, yafaa kwanza kulitazama duka kama lilivyojulikana pwani. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko dukkan halikuwa na maana ya chumba cha kuuzia peke yake. Lilikuwa pia jina la benchi pana la mawe au matofali, lililoinuliwa kidogo juu ya ardhi, ambalo mtu hulikalia. Kwa maneno mengine duka ni ndugu yake baraza. Na ndivyo lilivyokuwa katika mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja na ya Mombasa ya kale, katika nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi walioishi juu au nyuma na kuuza mbele. Asubuhi milango ya mbao yenye mapande ya kukunja ilifunguliwa, na upande wote wa mbele ukawa wazi kwa njia. Mwenye duka aliketi. Bidhaa zilikuwa nyuma yake na pembeni mwake, mahali ambapo mkono wake ulifika na mkono wa mteja haukufika. Mteja alisimama kizingitini au akakaa barazani.

Kati ya wawili hao hapakuwa na kitu ila kauli. Salamu ilitangulia, kisha habari za nyumbani, kisha swali la bei, na bei ikawa ndio mwanzo wa mazungumzo badala ya kuwa mwisho wake. Aliyesema "punguza" alijibiwa, na aliyejibiwa aliweza kujibu tena, au kuondoka hatua tatu akingoja kuitwa. Duka la namna hiyo halikuwa na haja kubwa ya pambo la ndani. Pambo lake lilikuwa ulimi.

Si kwamba ulimi huo ulikuwa mnyoofu siku zote. Kibaba kiliweza kupunjwa, mizani kuelemewa na kidole, mchele mkuukuu kufichwa chini ya mpya. Daftari la deni lilimfunga mteja kwa mwenye duka mmoja mwaka hadi mwaka, na asiyejua kusoma hakuwa na njia ya kuhakikisha yaliyoandikwa humo. Hata hivyo hila zote hizo zilikuwa na mwenyewe, akijulikana kwa sura na kwa jina. Aliyepunjwa alijua pa kwenda kugombana.

Badiliko la kwanza kubwa lilitokea Paris. Mwaka 1852 Aristide Boucicaut, mwana wa mtengeneza kofia, aliingia ubia katika duka la nguo lililoitwa Bon Marché. Kanuni alizozifuata hakuzibuni zote yeye, ila yeye alizikusanya na kuzishikilia kuliko wengine: mtu aingie bila ya kulazimika kununua, bei iandikwe na isipunguzwe, na asiyeridhika arudishe alichokinunua. Leo mambo haya ni ya kawaida kiasi kwamba ni tabu kuuona upya wake. Kuingia bure maana yake ni kwamba duka limeacha kuwa mahali pa kwenda kwa haja, likawa mahali pa kutembelea. Na bei mkataa maana yake ni kwamba ulimi umenyang'anywa kazi yake ya kwanza.

Kilichokuja kuchukua nafasi ya ulimi ni nyumba. Jengo jipya la Bon Marché, lililoanza kujengwa mwaka 1869, lilikuwa la chuma na kioo, na karakana ya Gustave Eiffel ilishiriki katika kazi hiyo kabla mwenyewe hajajenga mnara wake. Mwanga ulishuka kutoka juu katika kumbi refu. Ngazi zilipinda kwa madaha kama za jumba la tamthilia. Palikuwa na chumba cha kusomea, picha za kutazama na vinywaji vya bure. Hariri haikuwekwa katika kabati tena, iliachiwa imwagike kutoka ghorofani kama maji. Mteja alivutwa na macho yake kabla hajasema neno na mtu yeyote.

Mwandishi wa riwaya Émile Zola alizitembelea kumbi hizo, akaandika maelezo mengi, na mwaka 1883 akachapisha *Au Bonheur des Dames*, riwaya ambayo mhusika wake mkuu, kwa hakika, ni duka. Iko sehemu humo ambayo ingetosha kufundishia somo zima. Mwenye duka, Octave Mouret, ameyapanga mauzo yake kwa utaratibu mzuri, kila kitu karibu na mwenzake. Muda mfupi kabla ya kufungua anashtuka: utaratibu huo ni kosa. Mteja atakwenda moja kwa moja kwenye haja yake, aipate, atoke. Basi anaamuru kila kitu kihamishwe na kutawanywa, ili anayetaka uzi baada ya kitambaa alazimike kulivuka jengo zima, apotee, na katika kupotea kwake akutane na vitu asivyovikusudia. Wataalamu wa biashara walikuja kulipa jambo hili majina yao baadaye. Mtunzi wa hadithi alikuwa amekwisha kuliandika.

Lakini katika Bon Marché wauzaji bado walikuwapo, wengi sana, na kila mmoja alisimama mbele ya bidhaa zake. Aliyewaondoa alitoka pengine kabisa, wala hakuwa na habari za hariri. Alikuwa muuza vyakula.

Clarence Saunders alizaliwa katika jimbo la Virginia, Marekani, mwaka 1881, katika familia maskini, akaiacha shule mapema. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuyauzia maduka ya rejareja vyakula vya jumla, na kazi hiyo ilimfikisha kwenye kaunta nyingi za jimbo la Tennessee. Utaratibu wa kaunta hizo haukutofautiana sana na wa pwani yetu, ila benchi tu hapakuwa. Mteja alitaja anachotaka, karani akaenda kukileta, akakipima, akakifunga, akaandika deni. Saunders aliuona utaratibu huo kuwa ni upotevu: makarani wengi wa kulipwa, muda mwingi wa kungoja, madeni mengi yasiyolipwa.

Tarehe 6 Septemba 1916 alifungua duka lake katika barabara ya Jefferson mjini Memphis, akalipa jina la Piggly Wiggly. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa sababu ya jina la ajabu kama hilo alijibu kuwa alilichagua ili watu waulize. Mteja aliingia kwa geti dogo la kuzunguka, akachukua kikapu. Mbele yake hapakuwa na kaunta wala karani. Palikuwa na njia moja nyembamba, yenye rafu kulia na kushoto, iliyokwenda hadi mwisho wa chumba, ikageuka, ikarudi, ikageuka tena, mfano wa nyoka aliyejikunja. Kila kitu kilikuwa na kibandiko cha bei. Mtu alijichukulia mwenyewe, akafika mwisho wa njia, na hapo ndipo alipomkuta mtu wa kwanza wa kuzungumza naye, naye hakuwa na la kuzungumza ila hesabu. Alilipa taslimu akatoka kwa geti jengine. Kurudi alikoingilia hakukuwezekana.

Saunders aliiombea nyumba hiyo hataza, kama mtu aombeavyo mashine, akapewa mwaka uliofuata, tarehe 9 Oktoba 1917, kwa namba 1,242,872. Michoro yake ingali inasomeka. Maelezo hayafichi kitu: njia imepangwa hivyo ili mteja apitishwe mbele ya bidhaa zote zilizomo kabla hajafika mahali pa kulipa. Juu ya rafu kuna vijia vya wasimamizi, wawatazame wateja bila ya kuwasumbua. Aliyekuja kununua unga tu, basi, alipita mbele ya kahawa, sabuni, samaki wa mkebe, biskuti na jemu, kwa mwendo wake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia "karibu" wala "chukua na hiki". Alipofika mwisho kikapu chake kilikuwa na vitu vinne, na kila kimoja alikuwa amekichagua mwenyewe. Hapo ndipo ulipo ustadi wa Saunders. Mwenye duka wa zamani aliposhawishi, mteja alijua kuwa anashawishiwa. Katika njia ya Memphis ushawishi ulifanywa na mpangilio wa mbao, na mbao hazijibishani na mtu. Mteja alitoka akiamini kuwa hakushawishiwa na yeyote.

Bidhaa nazo zilibadilika. Mchele wa gunia hauwezi kujieleza; unamhitaji mtu wa kusema umetoka wapi na ni wa lini. Rafu isiyo na mtu ilitaka paketi yenye jina, rangi na picha, ili karatasi iseme badala ya karani. Viwanda vya vyakula vilifahamu haraka, na tokea hapo kazi kubwa ya maneno katika biashara ilihama kutoka mdomoni ikaenda kwenye karatasi ya kufungia na kwenye tangazo la gazeti.

Haki inataka isemwe pia kwamba waliolipenda duka hilo hawakuwa wajinga. Bei zilikuwa chini, kwa kuwa mishahara ya makarani ilipungua. Akina mama walifurahi kukishika kitu kabla ya kukinunua. Na Memphis ya mwaka 1916 ilikuwa mji wa sheria za ubaguzi wa rangi. Kwenye kaunta, karani ndiye aliyeamua nani ahudumiwe mwanzo, nani angoje, na nani apewe yaliyobakia. Kibandiko cha bei hakikumtazama mtu usoni. Kwa mteja mweusi kutozungumza na karani kuliweza kuwa nafuu kubwa, ingawa hakuna dalili kuwa Saunders alikusudia hivyo. Wanaoomboleza kufa kwa mazungumzo ya dukani wasisahau kuwa yako mazungumzo ambayo mtu hufurahi kuepukana nayo.

Kufikia mwaka 1923 maduka yenye jina la Piggly Wiggly yalikuwa zaidi ya 1,200. Mwaka huo huo mwenyewe aliipoteza kampuni. Alijitosa katika vita vya hisa na walanguzi wa New York, akakopa mamilioni ya dola ili azinunue hisa zake zote, karibu ashinde, kisha uongozi wa soko la hisa ukasimamisha biashara ya hisa hizo na deni likamwangukia. Jumba la mawe ya waridi alilokuwa akijijengea likachukuliwa kabla hajalala humo hata usiku mmoja. Akaanza upya na maduka aliyoyaita Clarence Saunders, Mmiliki Pekee wa Jina Langu, jina ambalo lina majivuno na uchungu kwa pamoja. Nayo yakafilisika wakati wa mdodoro wa uchumi.

Wazo lake halikuhitaji tena mwenyewe. Mwaka 1937 Sylvan Goldman, mwenye maduka katika Oklahoma City, aliona kwamba wateja huacha kununua kikapu kinapoanza kuwaelemea mkono, si haja inapokwisha. Akaunda kigari cha kusukuma chenye magurudumu. Mwanzoni wateja walikikataa. Vijana wa kiume waliona kinawadhalilisha, na wanawake waliona wamekwisha sukuma vigari vya watoto vya kutosha. Goldman akaajiri watu wa rika mbalimbali wavisukume dukani wakijifanya wanunuzi. Baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa akisukuma. Njia ya nyoka, kwa upande wake, iliachwa na wengi, kwani haikuruhusu vigari kupishana, ikabakia kwa wachache kama IKEA ya Sweden. Hila ndogo ndogo ndizo zilizoirithi: vya lazima nyuma kabisa, vyenye faida kubwa usawa wa macho, peremende karibu na mahali pa kulipia, kwa kimo cha mtoto.

Aliyeipeleka hila hiyo mbali zaidi ni Victor Gruen, msanifu majengo, Myahudi wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1903 na kukimbilia New York mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa nchi yake. Kazi yake ya kwanza mashuhuri huko ilikuwa duka dogo la mikoba ya ngozi, Lederer de Paris, mwaka 1939. Badala ya kuuweka mlango ukingoni mwa njia, aliurudisha nyuma, akaacha uwazi wenye visanduku vya kioo na taa. Mpita njia aliyesogea kutazama mkoba mmoja alijikuta yumo ndani kabla hajaamua kuingia. Msomaji wa pwani atagundua kuwa uwazi huo ni baraza, isipokuwa halina pa kukaa.

Tarehe 8 Oktoba 1956 jengo lake la Southdale lilifunguliwa karibu na Minneapolis, mahali ambapo majira ya baridi huua. Maduka 72 yaliwekwa chini ya paa moja, katika hewa ya joto lisilobadilika, yakitazamana badala ya kutazama barabara, na katikati palikuwa na bustani yenye miti na tundu kubwa la ndege. Gruen alidhani anawarudishia Wamarekani viwanja vya Vienna, watu wakutane, wanywe kahawa, wazungumze. Waliomwiga walichukua paa na kuacha uwanja. Jina lake likabakia katika istilahi ya kazi hiyo: ile dakika ambayo mtu aliyekuja na haja moja anaisahau, mwendo wake unalegea, akaanza kuzurura, huitwa kwa jina la Gruen hadi leo. Mwenyewe alirudi Vienna, akakuta jengo la aina hiyo hiyo linasimamishwa nje ya mji wake, na katika hotuba aliyoitoa London mwaka 1978 alivikana hadharani vizazi vyote vya kazi yake. Alifariki mwaka 1980.

Wapenzi wa ushairi watashangazwa kidogo na hatua iliyofuata, maana inahusu mizani. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Ronald Milliman, alichapisha matokeo ya jaribio katika duka kubwa la vyakula: muziki wa mwendo wa taratibu ulipopigwa wateja walitembea polepole, na mauzo ya siku yalipita ya siku za muziki wa haraka kwa asilimia 38. Mwaka 1997 wanasaikolojia wa Uingereza waliweka mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani katika rafu moja, wakibadilisha muziki siku kwa siku. Siku ya kinanda cha Kifaransa ulinunuliwa zaidi wa Ufaransa. Siku ya nyimbo za Kijerumani, wa Ujerumani. Walipohojiwa, takriban wote walikana kwamba muziki uliwaathiri. Kwamba mizani hufika moyoni kabla ya maana, kila aliyekwisha kusikia utenzi ukighaniwa anajua. Lakini anayesikiliza utenzi amekaa kwa ajili hiyo, na malenga yuko mbele yake.

Huku kwetu mtindo huo ulifika kwa vipande. Kenya ilianzisha Uchumi mwaka 1975. Nakumatt, iliyoanza kwa kuuza magodoro Nakuru, ilienea hadi nchi jirani kabla ya kuanguka na kufungwa kabisa mwaka 2020. Tanzania mwaka 1976 ilikuwa katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakifungwa vijijini ili yashike ya ushirika, na miaka michache baadaye, rafu zilipokuwa tupu na foleni ya sukari kuzunguka nyumba, hapakuwa na haja ya msanifu wa kumshawishi mtu yeyote. Bidhaa zilirudi baada ya milango ya biashara kulegezwa mwaka 1984. Leo Unguja na Mombasa zina maduka yenye hewa baridi, vigari na peremende mlangoni.

Iko bidhaa moja, hata hivyo, ambayo haikukubali kuuzwa kimya kimya, nayo ni kanga. Tangu maandishi yalipowekwa juu yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kirumi, kanga imekuwa nguo isomwayo kabla ya kuvaliwa. Katika Biashara Street ya Mombasa, ambako ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa alama ya Mali ya Abdulla, umekuwa katika kazi hiyo tangu mwaka 1887, doti hukaa zimekunjwa katika marundo, na jina limo ndani ya mkunjo. Lazima pawepo mtu wa kukunjua, na mtu wa kusoma. "Hii inasemaje?" ni swali la bei pia. Mteja huuliza maneno yanamfaa nani: mkwe, jirani, mume, mke mwenza. Muuzaji naye hana budi kujua maneno, maana anayempa bibi harusi kanga ya kejeli hatamwona tena. Hakuna njia ya nyoka itakayofanya kazi hiyo, na muziki ungewazuia kusikilizana.

Saunders hakuishi kuyaona ya Gruen. Lakini inastaajabisha kwamba mtu aliyewatembeza wanunuzi wa nchi nzima alitumia miaka yake ya mwisho akijaribu kuwatuliza. Mwaka 1937 alifungua Memphis duka aliloliita Keedoozle. Bidhaa zilikuwa nyuma ya vioo, moja ya kila aina. Mteja aliingiza ufunguo katika tundu lililo chini ya kile alichokitaka, na mitambo ikavikusanya vitu vyake huko nyuma na kuvileta mbele juu ya mikanda. Safari hii bidhaa ndizo zilizojitembeza. Mitambo iliharibika, mikanda ikachanganya vitu vya watu. Alijaribu mara tatu, mara ya mwisho hadi mwaka 1949. Alifariki mwezi wa Oktoba 1953, akiwa katika matayarisho ya duka jengine la umeme ambalo halikufunguliwa.

Jumba lake la mawe ya waridi ni makumbusho ya mji wa Memphis. Ndani yake limejengwa duka la mfano wa lile la mwaka 1916, lenye geti, vikapu na rafu zilizojaa mikebe na paketi za zama zile. Wageni huingia, wakaifuata njia hadi mwisho, wakatoka upande wa pili. Hakuna kinachouzwa.